Chipu mpya zinakuja: ufunguo utakaa mkononi mwa nani?

Leo tunaomba ruhusa tuiweke siasa pembeni kidogo. Tumezoea kukutana hapa kuzungumzia chaguzi, katiba na viongozi wasiotaka kubanduka kwenye viti. Leo tunataka kuzungumzia kitu kidogo kuliko ukucha, kitu ambacho wengi wetu tunacho majumbani na hatujawahi kukiona kwa macho. Mkitusoma mpaka mwisho mtaona kwamba siasa yenyewe hatukuiacha mbali sana.

Tuanze na tarehe moja, nayo ni 24 Novemba 2024.

Wateja wa TANESCO wenye mita za LUKU, na wenzao wa Kenya Power wanaonunua tokeni, waliambiwa mwaka ule kwamba mita zao ni lazima ziingiziwe namba maalumu kabla ya tarehe hiyo. Asiyefanya hivyo, mita yake itakataa umeme mpya atakaoununua. Mtu alikwenda kununua umeme kama kawaida, akarudishiwa makundi matatu ya tarakimu 20. Mawili yalikuwa ya kuibadilisha mita, la tatu ndilo la umeme wenyewe. Jumla tarakimu 60, ubonyeze moja moja, miwani puani na tochi ya simu mdomoni. Huku kwetu simu zililia usiku na mchana. Wazee walituuliza kama hao si matapeli wa mjini waliobuni njia mpya.

Hawakuwa matapeli. Mita zile zinafuata utaratibu wa kimataifa uliozaliwa Afrika Kusini. Kila tokeni inabeba ndani yake muhuri wa wakati, na wakati huo unahesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993. Sasa tokeni ya tarakimu 20 haina nafasi kubwa. Wahandisi wakautengea muhuri ule biti 24, ambazo haziwezi kuhesabu zaidi ya dakika 16,777,216. Chukua karatasi ugawanye, utapata miaka 31 na miezi karibu 11. Hesabu ikifika hapo inarudi sifuri, na siku ya kurudi sifuri ilikuwa hiyo 24 Novemba 2024.

Hatuwalaumu wahandisi wale. Miaka 30 mbele ni mbali, na yeyote kati yetu angeweza kusema kwamba mpaka wakati huo mita zenyewe zitakuwa zimeshatupwa. Lakini tunajifunza jambo. Uamuzi mdogo uliofanywa ofisini na watu wasiotujua ulikuja kumgongea bibi mlango kule Tanga baada ya miaka 31, na bibi hakuwa ameulizwa. Ndiyo maana tunasema kwamba wakati wa kuuliza maswali juu ya chipu zijazo ni sasa, kabla hazijafika ukutani kwa bibi.

Kile kinachohesabu ndani ya mita kinaitwa maikrokontrola. Ni kompyuta nzima iliyobanwa ndani ya chipu moja. Ina kichwa cha kufanyia hesabu, ina kumbukumbu, na ina miguu ya chuma inayounganishwa na swichi, taa, mota na vipimo. Kompyuta ya mezani leo inacheza muziki na kesho inaandika barua, lakini maikrokontrola kwa kawaida hufundishwa kazi moja ikaifanya maisha yake yote. Imo ndani ya rimoti ya televisheni, mashine ya kufulia, king'amuzi, pikipiki ya umeme, mizani ya dukani, pampu ya sola na kile kipimo cha sukari anachojichomea mgonjwa kidoleni. Watengenezaji wake wako wengi: STMicroelectronics, Microchip, NXP, Texas Instruments, Renesas, Espressif wa Shanghai na wengineo.

Leo tunamchukua mmoja tu kama mfano, nayo ni kampuni ya Raspberry Pi ya Cambridge, hapa Uingereza. Hatusemi kwamba mita ya LUKU ina chipu ya Cambridge, la hasha. Tunaichukua kwa sababu ni mtengenezaji mpya katika soko hili, bei zake ni za watu wa kawaida, vijana wetu vyuoni wanaijua, na mambo yake mengi inayaandika hadharani, kwa hiyo mtu unaweza kuona inakokwenda.

Wengi mnaikumbuka kwa ile kompyuta ya ukubwa wa kadi ya benki iliyotoka Februari 2012. Januari 2021 ikatoa maikrokontrola yake ya kwanza, RP2040, ikiwa juu ya kibao kinachoitwa Pico, kwa dola 4 tu. Mwaka huohuo chipu peke yake ikaanza kuuzwa kwa dola 1. Ilikuwa na viini viwili vinavyokwenda kasi ya megahezi 133, na kumbukumbu ya kilobaiti 264. Dunia wakati ule ilikuwa kwenye njaa kubwa ya chipu, viwanda vya magari vinasimama kwa kukosa kipande kimoja, na RP2040 ikapata wateja kwa sababu moja kubwa: ilikuwapo. Agosti 2024 ikaja ya pili, RP2350, yenye viini vyenye nguvu zaidi, megahezi 150 na kumbukumbu ya kilobaiti 520, na kibao chake cha Pico 2 kikaanza kwa dola 5.

Majina hayo yana maana yake, wala si namba za bahati nasibu. Herufi mbili za mwanzo ni jina la kampuni. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya viini. Ya pili inaonyesha aina ya kiini: sifuri kwa Cortex-M0+, tatu kwa Cortex-M33. Ya tatu ni kiasi cha kumbukumbu ya kazi, kwa hesabu ya kuzidisha mara mbili mbili. Ya mwisho ni hifadhi ya kudumu iliyomo ndani ya chipu, na sifuri maana yake hakuna, utie mwenyewe pembeni. Kwa hiyo ilipotangazwa RP2354, aliyejua kusoma alielewa papo hapo kwamba ni ndugu wa RP2350 aliyewekewa hifadhi tumboni.

Siku itakapotangazwa chipu ya kizazi cha tatu, nasi tutaisoma hivyo hivyo. Kati ya kizazi cha kwanza na cha pili ilipita miaka mitatu na nusu, kwa hiyo hatuhitaji kupiga ramli kujua kwamba nyingine inapikwa. Wanaofuatilia mambo haya wana matamanio yao. Wapo wanaotaka redio ya Wi-Fi iwe ndani ya chipu yenyewe, maana kibao cha Pico W cha Juni 2022 kililazimika kubeba chipu nyingine ya pembeni kwa kazi hiyo, ilhali Wachina wa Espressif waliiweka ndani ya ESP8266 tangu mwaka 2014. Wapo wanaotaka chipu inayolala usingizi mzito zaidi. Hili tunaliunga mkono kwa mikono miwili, kwa sababu kifaa cha kupima maji ya kisima kijijini kinaishi kwa betri, na chipu inayolala jicho moja wazi huimaliza betri kabla ya msimu. Na wapo wanaotaka akili bandia. STMicroelectronics ilishatoa STM32N6 Desemba 2024, maikrokontrola yenye sehemu maalumu ya kutambua picha na sauti bila kuuliza intaneti. Fikirieni kamera ndogo shambani inayotambua jani la muhogo lenye ugonjwa, mahali ambapo simu haipati mawimbi. Hilo ni jema, nalo tunalingoja.

Lakini katika vizazi vyote vijavyo, kitakachomgusa mwananchi kuliko kasi na akili ni kufuli. Hapa tunaomba mtuvumilie kidogo, maana ndipo lilipo jambo lenyewe.

Chipu ya kwanza, RP2040, haikuwa na kufuli. Aliyekishika kifaa aliweza kusoma programu iliyomo na kuweka nyingine. Fundi alifurahi, na mwizi wa kazi za watu naye alifurahi. RP2350 ikaja na kufuli. Ndani yake kuna sehemu ya kumbukumbu ya kilobaiti 8 inayoandikwa mara moja tu. Ukishaiandika biti kuwa moja, hairudi tena kuwa sifuri, ni kama chanjo iliyoacha alama begani. Humo mtengenezaji wa kifaa anaweza kuandika alama ya ufunguo wake. Tangu hapo chipu itakataa programu yoyote isiyo na saini ya ufunguo ule. Chipu inatoka Cambridge ikiwa wazi, na kufuli si lazima. Anayeamua kuifunga ni yule anayeinunua na kuitia ndani ya taa, mita au pampu.

Kampuni ile ilifanya jambo ambalo sisi waandishi tulilipenda. Ilipoitoa chipu yake Agosti 2024 ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayeivunja kufuli. Mwezi ukapita hakuna aliyeweza, ikapandisha dau hadi dola 20,000. Januari 2025 ikatangaza kwamba wameshinda wanne, kila mmoja kwa njia yake. Yuko aliyetumia mwanga wa leza, wako waliouyumbisha umeme wa chipu kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, na wako walioichungulia kwa mashine za maabara mpaka wakasoma kilichoandikwa ndani. Kampuni ikawalipa wote, ikaeleza wazi namna walivyofanya, na Julai 2025 ikatoa toleo lililorekebishwa. Hata kasoro iliyokuwapo kwenye miguu ya chipu, ambayo iliwasumbua mafundi wengi, iliandikwa kwenye kitabu cha chipu kwa namba yake. Sisi tuliolazimika kuhama nyumbani kwa sababu ya kuandika makosa ya wakubwa tunaijua thamani ya mkubwa anayeandika kosa lake mwenyewe.

Kufuli basi ni nzuri au mbaya? Tuwasimulie ya shangazi yetu.

Shangazi yetu anaishi nje kidogo ya Muheza. Miaka kadhaa nyuma alichukua taa za sola kwa mkopo: paneli moja, boksi lenye betri, taa tatu na mahali pa kuchajia simu. Alilipa kidogo kidogo kwa simu ya mkononi. Kila akilipa, boksi linafunguka kwa siku alizolipia. Akichelewa, giza. Aliuza mihogo, aliuza nazi, nasi tulituma kidogo tulichoweza, mpaka akamaliza deni lote na ujumbe wa pongezi ukaingia kwenye simu yake. Mwaka haukupita, boksi likazima. Taa ndogo nyekundu ikawa inawaka na kuzima, kama lile boksi linavyofanya likidai namba za kufungulia.

Tulimpigia simu jioni moja.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mimi nipo, ila nipo gizani."

"Wale wa taa wamesemaje?"

"Wale ofisi wameshahama. Namba yao haipatikani. Sasa mwanangu, nimelipa kitu changu nikakimaliza, huyu anayenizimia ni nani?"

Tulikosa jibu, na mpaka leo tunalitafuta. Fundi mmoja wa redio alilifungua lile boksi. Akasema betri ni nzima na paneli ni nzima, waya hazina tatizo. Tatizo ni chipu. Imefungwa, na ufunguo hakuna ajuaye uliko. Alijitolea kuing'oa na kuunganisha taa moja kwa moja na betri, kazi aliyoifanya vizuri. Lakini sasa hakuna kinachoilinda betri isichajiwe kupita kiasi wala isikaushwe, na betri ya namna hiyo haifi kifo cha kawaida. Jina la kampuni hatulitaji, maana tatizo halikuwa la kampuni moja. Kesho litatokea kwa nyingine, kwa pampu ya mkulima wa Makueni au pikipiki ya umeme ya kijana wa Kampala.

Tuwe waadilifu. Kufuli ina sababu zake. Kampuni inayomkopesha mtu asiye na dhamana benki inahitaji njia ya kuhakikisha italipwa, na bila kufuli shangazi asingepewa hizo taa hata siku moja. Mita isiyo na kufuli ni karamu ya wezi wa umeme, na umeme unaoibwa hulipiwa na wasioiba. Mwaka 2016 dunia iliona kirusi kiitwacho Mirai kikiteka kamera na vifaa vingi vya majumbani vilivyoachwa na nywila za kiwandani, kikavitumia kama jeshi, na Oktoba mwaka ule tovuti kubwa za Marekani zikazama kwa saa kadhaa. Vifaa vya kupumulia wagonjwa navyo vina chipu hizi. Nani anataka viwe wazi kwa kila mpita njia? Kwa hiyo anayesema kufuli zote zivunjwe, hatuko naye.

Tunachokihoji ni ufunguo. Nyumba yako ikiwa na kufuli nzuri na ufunguo unao wewe, huo ni usalama. Kufuli ikiwa nzuri vilevile na ufunguo akawa nao mtu aliyehama mji, basi wewe ni mpangaji ndani ya nyumba uliyoinunua. Na kila kizazi cha chipu kitakachokuja kitakuwa na kufuli ngumu zaidi kuliko kilichotangulia. Miongoni mwa wale wanne walioivunja RP2350 walikuwapo wenye leza na maabara. Fundi wetu wa Muheza ana chuma cha kulehemia na kipimo cha umeme. Kufuli inayomshinda mwenye leza itamfanya nini yeye?

Huku Ulaya wameshaliona jambo hili kwa upande wao. Uingereza ilianza kutumia sheria yake tarehe 29 Aprili 2024. Anayeuza kifaa cha nyumbani kinachounganishwa na mtandao haruhusiwi kukiuza na nywila moja inayofanana kwa vifaa vyote, na ni lazima aseme atakihudumia kwa marekebisho ya usalama mpaka lini. Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria kubwa zaidi iliyoanza kuwa na nguvu Desemba 2024, na tarehe iliyowekwa ya kutekelezwa kwa ukamilifu ni 11 Desemba 2027. Chini ya sheria hiyo, kwa kawaida mtengenezaji atawajibika kutoa marekebisho kwa muda usiopungua miaka mitano, isipokuwa kifaa chenyewe kinatarajiwa kuishi muda mfupi zaidi. Sheria hizi ni sababu mojawapo ya watengenezaji wa chipu kukimbilia kufuli. Wateja wao wanazitaka ili waweze kuuza Ulaya.

Na sisi je? Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019, na Tanzania ilipitisha yake mwaka 2022. Ni hatua nzuri, lakini sheria hizo zinahusu taarifa za mtu. Hazisemi boksi la shangazi lifanywe nini ofisi ikihama. Hofu yetu ni kwamba tutapata kufuli bila kupata haki zinazokuja nazo. Chipu ni ileile, kwa sababu kiwanda hakitengenezi chipu moja ya Mzungu na nyingine ya Mmatumbi. Lakini ahadi ya kuihudumia itaishia bandari ya Rotterdam, na vifaa vilivyokosa sifa ya kuuzwa kule vitatafuta bandari nyingine. Tumeyaona haya kwenye friji na magari, na Dar es Salaam na Mombasa ziko palepale.

Basi tunapendekeza nini? Mwandishi anayelalamika bila kupendekeza ni sawa na mgeni anayekosoa mboga na mkono hajanawa.

Kwanza, kuna jambo dogo ndani ya RP2350 ambalo wengi hawalizungumzii. Ile sehemu inayoandikwa mara moja ina nafasi za alama za funguo nne, si moja. Programu yenye saini ya ufunguo wowote kati ya hizo itakubaliwa. Kiufundi, basi, hakuna kinachozuia mlango mmoja kuwa na funguo mbili za watu wawili. Kampuni inayouza taa za mkopo ikatie ufunguo wake nafasi ya kwanza, na nafasi ya pili iandikwe ufunguo unaohifadhiwa nchini, kwenye mikono ya mdhibiti au benki, chini ya mkataba. Kampuni ikifilisika au ikihama, au mteja akimaliza deni na kampuni ikakataa kumfungulia, ufunguo wa pili unatolewa. Mwenye shirika analindwa dhidi ya wezi, na shangazi analindwa dhidi ya mwenye shirika. Tunawaomba watengenezaji wa chipu, wa Cambridge na wengine wote, wasiipunguze nafasi hii katika vizazi vijavyo. Na kama wanaweza, waandike mwongozo wa namna ya kuitumia kwa kazi hiyo.

Pili, wadhibiti wetu. EWURA Tanzania Bara, ZURA Zanzibar, EPRA Kenya na wenzao wa Uganda, pamoja na mashirika ya viwango, wanapopitisha mita au mfumo wa sola waulize maswali matatu kwa maandishi: ufunguo wa chipu anao nani, marekebisho yatatolewa mpaka mwaka gani, na kampuni ikifa nini kitatokea. Maswali haya hayahitaji maabara wala bajeti mpya, yanahitaji kalamu. Mita zinanunuliwa kwa malaki, na mnunuzi wa malaki ana sauti hata mbele ya kampuni kubwa, mradi aifungue kabla hajaweka saini. Baada ya saini atakuwa anaomba.

Tatu, maisha marefu. Raspberry Pi imeahidi kuendelea kuizalisha RP2040 angalau mpaka mwaka 2041 na RP2350 angalau mpaka mwaka 2045. Ahadi ya namna hiyo ni muhimu kwetu kuliko megahezi, kwa sababu sisi hatutupi kitu. Redio ya babu inatengenezwa mpaka inaitwa jina lake. Anayeagiza vifaa vya umma achague chipu yenye ahadi iliyoandikwa, ili fundi wa mwaka 2040 akitafuta kipande aweze kukipata. Na mkataba wowote wa mita uulize lile swali la mwaka 1993: humu ndani kuna hesabu gani itakayojaa, na itajaa lini?

Nne, vijana. Ndani ya RP2350 kuna viini viwili vya ziada vinavyofuata RISC-V, utaratibu uliozaliwa chuo kikuu cha Berkeley mwaka 2010 ambao mtu yeyote anaweza kuutumia bila kulipia leseni. Viini hivyo vinaitwa Hazard3. Vilibuniwa na mhandisi wa kampuni hiyo, Luke Wren, kwa muda wake wa mapumziko, na michoro yake iko wazi kwa kila mtu. Mnunuzi anaweza kuchagua kutumia hivyo badala ya vile vya Arm. Tunalitaja hili kwa sababu wapo wanaosema Mwafrika hana nafasi katika mambo ya chipu mpaka ajenge kiwanda cha mabilioni ya dola. Kiwanda hicho hata Raspberry Pi hawana, chipu zao huchongwa Taiwan na TSMC. Walichonacho ni watu wanaojua kubuni. Kijana wa chuo cha Mbeya, Eldoret au Bujumbura anaweza leo kuisoma michoro ya Hazard3 bila kuomba ruhusa ya mtu. Hatujui atakachokitoa humo, lakini tunajua kwamba anayeweza kusoma kufuli inavyotengenezwa hadanganywi kirahisi juu ya ufunguo.

Na sisi wa ughaibuni tusijitoe. Kila Desemba mabegi yetu yanajaa kamera za ulinzi, soketi za Wi-Fi na saa za kupima moyo za kuwapelekea wazazi. Kabla ya kununua, tuangalie pale kwenye boksi panapoandikwa mwisho wa huduma. Kifaa cha bei ya kutupwa mara nyingi kina bei hiyo kwa sababu huduma yake inaisha mwezi ujao, na kumpelekea mama kamera iliyoachwa yatima ni kumwekea mwizi dirisha.

Tulisema mwanzoni kwamba siasa hatukuiacha mbali. Swali la nani anashika ufunguo, nani aliulizwa kabla ya mlango kufungwa, na nani ataufungua mwenye ufunguo akiondoka, ni swali ambalo watu wetu wamekuwa wakiliuliza juu ya mambo makubwa zaidi ya taa. Safari hii tuna bahati ya kuliuliza mapema. Chipu za kizazi kijacho bado ziko mezani kwa wachoraji na mikataba yake haijasainiwa.

Shangazi ametuma salamu. Anasema taa zinawaka, ila usiku analiweka boksi nje ya chumba kwa sababu linapata joto. Tumemwahidi tutaandika. Tumeandika, na tunaomba kutoa hoja.